Jina la Wavandali

Katika lugha nyingi za Ulaya liko neno la kumwita mtu anayeharibu mali bure. Mtu anavunja vioo vya madirisha ya shule. Anang'oa bomba la maji la kijiji kizima. Anakwaruza sanamu iliyowekwa katika bustani ya mji. Hapati faida yoyote, hata ya senti moja. Anaharibu tu. Waingereza, Wafaransa, Wajerumani, Wahispania na wengine wengi, kila mmoja kwa matamshi ya lugha yake, humwita mtu huyo vandali.

Neno hili halikuanza kama tusi. Lilianza kama jina la watu. Warumi wa kale, kwa lugha yao ya Kilatini, waliandika Vandali. Sisi kwa Kiswahili tutasema Wavandali. Walikuwa watu wenye wake na watoto, mashamba na farasi, wafalme na askari. Leo halipo kabila lolote duniani linalojiita Wavandali. Watu wenyewe wamekwisha, jina limebaki, nalo limebaki kuwa tusi. Katika somo hili tutaeleza jinsi jambo hilo lilivyotokea.

Lakini kwanza tuondoe shaka moja. Hapa Tanzania wako Wandali, wakulima wa Ileje, kule karibu na mpaka wa Malawi. Warumi wa kale walipoandika herufi V waliitamka kama W yetu. Kwa hiyo majina haya mawili yanakaribiana sana sikioni. Hata hivyo hakuna udugu wowote kati yao. Wanakisomo wa Ileje wasikasirike wanaposoma habari hizi.

Jambo la pili ni hesabu ya miaka. Miaka yote inayotajwa hapa ni ya baada ya kuzaliwa Kristo, isipokuwa mahali pamoja ambapo itaelezwa vingine. Mambo mengi ya habari hii yalitokea zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Watu wa ng'ambo ya mto

Zamani hizo Warumi walitawala nchi nyingi. Mji wao mkuu ulikuwa Roma, katika nchi ya Italia ya leo. Walitawala Ulaya ya kusini na magharibi, walitawala Misri, na walitawala pwani yote ya kaskazini ya Afrika. Katika Ulaya mpaka wao wa kaskazini ulikuwa mito miwili mikubwa, Rhine na Danube. Ng'ambo ya mito hiyo waliishi makabila mengi ambayo Warumi hawakuweza kuyatawala. Warumi waliyaita yote kwa jina moja, Germani.

Makabila yale hayakujiita hivyo. Kila kabila lilikuwa na jina lake. Lakini jina walilopewa na Warumi ndilo lililosafiri mbali. Lilipita lugha hii na lugha ile, mwisho likafika kwetu likawa Mjerumani. Wazee wetu walikuwa na jina jingine, Mdachi. Hilo linatokana na jina ambalo Wajerumani wanajiita wenyewe kwa lugha yao. Basi katika Kiswahili tumeyapata yote mawili, jina la kupewa na jina la kujiita.

Wavandali walikuwa moja ya makabila hayo ya Kigermani. Kwao kulikuwa katika nchi inayoitwa leo Poland. Mrumi mmoja aitwaye Plinius, aliyekufa mwaka 79 wakati mlima wa moto wa Vesuvius ulipolipuka, alilitaja jina lao katika kitabu chake kikubwa. Mrumi mwingine, Tacitus, alilitaja tena mwaka 98. Walilitaja kwa maneno machache tu, bila chuki na bila sifa. Wakati huo Mvandali alikuwa mtu wa mbali, hana ubaya na mtu.

Safari ya kwenda Afrika

Miaka mingi ilipita. Dola ya Warumi ilianza kudhoofika. Viongozi wake waligombana wao kwa wao, na askari wa mipakani walipungua. Makabila ya ng'ambo yakaanza kusukumana. Mwandishi mmoja wa kale, Procopius, anasema njaa ndiyo iliyowaondoa Wavandali kwao.

Tarehe 31 Desemba 406 Wavandali walivuka mto Rhine. Hawakuwa peke yao. Walikuja pamoja na Waalani na Wasuebi. Mfalme wao alikwisha kufa vitani kabla ya kuvuka. Kwa muda wa miaka mitatu walizunguka katika nchi ya Ufaransa ya leo, wakipora vyakula na mali. Mwaka 409 waliingia Hispania. Walikaa huko miaka 20 hivi, lakini hawakupata raha. Warumi waliwatumia Wagothi, kabila jingine la Kigermani, kuwapiga. Tawi moja zima la Wavandali lilimalizwa katika vita hivyo.

Mwaka 428 walipata mfalme mpya, jina lake Geiseric. Alikuwa mtu wa kimo cha kawaida, naye alichechemea kwa sababu aliwahi kuanguka kutoka juu ya farasi. Inasemekana mama yake alikuwa mtumwa. Alikuwa mtu wa maneno machache na fikira nyingi. Mtu huyo aliwatawala Wavandali kwa muda wa miaka 49, na Warumi hawakumpata adui mwenye akili kama yeye katika zama zile.

Geiseric alitazama ng'ambo ya bahari, akaiona Afrika. Hapa tunahitaji kueleza kidogo. Siku hizo Afrika halikuwa jina la bara zima. Lilikuwa jina la jimbo moja tu la Warumi, sehemu za Tunisia ya leo na nchi za jirani. Jina la jimbo hilo ndilo lililopanuka baadaye mpaka likatufikia sisi sote. Jimbo hilo lilikuwa ghala la Roma. Ngano ya Afrika ndiyo iliyolisha mji wa Roma, na mafuta ya zeituni ya Afrika yaliuzwa nchi nyingi. Matajiri wa Kirumi walikuwa na mashamba makubwa huko, na wengine hawakuyaona hata siku moja. Walipelekewa mapato tu.

Mwaka 429 Wavandali wote walivuka bahari, hapo Hispania na Afrika zinapokaribiana. Askofu mmoja Mwafrika aitwaye Victor, wa mji wa Vita, anaandika kwamba Geiseric aliamuru watu wote wahesabiwe, wakawa 80,000. Lakini anaongeza kwamba katika hesabu hiyo walikuwamo wazee, vijana, watoto, watumwa na mabwana. Wasikiaji walidhani hao 80,000 wote ni askari. Geiseric alijua faida ya kuogopwa.

Wakatembea kuelekea mashariki mpaka mji wa Hippo, ambao leo unaitwa Annaba, katika Algeria. Waliuzingira mwaka 430. Askofu wa mji huo alikuwa Mtakatifu Augustino, ambaye Wakristo wengi wa kwetu wanalijua jina lake. Alikuwa mzee wa miaka 75. Alifariki tarehe 28 Agosti 430, mji ukiwa bado umezingirwa. Tarehe 19 Oktoba 439 Geiseric aliuteka mji wa Carthage, mji mkubwa kuliko yote katika Afrika ya Warumi. Uko karibu na Tunis ya leo. Aliuteka kwa ghafula, wakati ambapo palikuwa na mkataba wa amani.

Hapo ndipo Wavandali walipopata nchi. Geiseric alichukua mashamba bora yaliyo karibu na Carthage akawagawia askari wake, wasilipe kodi. Mabwana wenye mashamba walifukuzwa au wakageuzwa watumishi. Na wakulima wadogo je? Wengi wao walibaki pale pale walipokuwa. Jana walilima shamba la bwana Mrumi, leo walilima lile lile kwa bwana Mvandali. Zeituni zilichumwa kama kawaida. Isitoshe, Geiseric alizichukua merikebu alizozikuta bandarini. Watu waliotoka bara, mbali na bahari, kwa muda mfupi wakawa mabwana wa bahari.

Siku 14 katika mji wa Roma

Sasa tufike kwenye jambo lililowaharibia jina.

Mwaka 442 Geiseric na Kaisari Valentinian walifanya mkataba. Ilikubaliwa pia kwamba mtoto wa kiume wa Geiseric atamwoa binti wa Kaisari. Lakini mwezi wa Machi 455 Valentinian aliuawa. Mtu mwingine alijifanya Kaisari, akamlazimisha mjane Eudoxia aolewe naye. Geiseric akasema: niliyefanya naye mkataba amekufa, basi na mkataba umekufa. Wengine husema Eudoxia mwenyewe ndiye aliyemwita. Akapakia askari katika merikebu akaenda Roma.

Yule Kaisari mpya alijaribu kukimbia, lakini raia wakamuua njiani. Mji ukabaki bila mlinzi. Aliyetoka kwenda kumlaki adui alikuwa Papa Leo, mkuu wa Kanisa la Roma. Alimsihi Geiseric asiwaue watu wala kuuchoma mji moto. Geiseric alikubali.

Kwa muda wa siku 14 Wavandali waliupora mji wa Roma. Walichukua dhahabu na fedha, vyombo vya ikulu na mavazi. Walibandua nusu ya mapaa ya hekalu la mungu Jupita, kwa sababu yalikuwa ya shaba iliyopakwa dhahabu. Walichukua hazina ambazo Warumi wenyewe walikuwa wameziteka katika hekalu la Yerusalemu karibu miaka 400 nyuma. Walimchukua Eudoxia na binti zake wawili. Wakachukua na maelfu ya watu wengine wawe mateka.

Mateka hao walipofika Carthage waligawanywa. Mume alikwenda huku na mke kule, mtoto akapelekwa kwingine. Askofu wa Carthage wakati huo aliitwa Deogratias. Aliona uchungu sana. Akauza vyombo vyote vya dhahabu na fedha vya kanisa, na kwa fedha hizo akawakomboa mateka, ili waume wakae na wake zao. Nyumba hazikutosha, basi akafungua makanisa mawili makubwa, akatandika vitanda na majani makavu. Mchana na usiku alizunguka pamoja na waganga kuwatazama wagonjwa na kuwagawia chakula, ingawa alikuwa mzee. Katika habari hii yote ya wafalme na makaisari, mtu ninayemheshimu kuliko wote ni huyu mzee.

Nani aliyeandika?

Sasa tutulie kidogo, tufikiri. Wavandali walifanya maovu. Sisemi kwamba walikuwa watu wema. Walipora na waliteka watu. Walikuwa Wakristo, lakini wa madhehebu ya Arius, waliofundisha kwamba Mwana hayuko sawa na Baba. Baada ya Geiseric kufa mwaka 477, mwanawe Huneric aliwatesa Wakatoliki. Askofu Victor anaandika kwamba watu 4,966 walifukuzwa wakapelekwa jangwani. Haya si mambo madogo.

Lakini je, walikuwa waharibifu kuliko wengine? Mwaka 410 Wagothi waliuteka mji huo huo wa Roma wakaupora kwa siku tatu. Na Warumi wenyewe je? Mwaka 146 kabla ya Kristo, askari wa Kirumi waliuteka mji huu huu wa Carthage. Waliuchoma moto, wakaubomoa, na watu kama 50,000 waliobaki hai wakauzwa utumwani. Geiseric alipotoka Roma baada ya siku 14, aliuacha mji umesimama. Warumi walipotoka Carthage, waliacha majivu. Lakini katika lugha za Ulaya mtu akisema jambo fulani ni la Kirumi, mara nyingi anasifu.

Sababu yake iko katika kalamu. Herufi hizi unazozisoma sasa, ndugu msomaji, ni herufi za Kirumi. Warumi walikuwa na shule, vitabu na waandishi. Wavandali hawakuacha hata kitabu kimoja kilichoandikwa kwa lugha yao. Lugha yenyewe imepotea. Yamebaki majina ya watu na maneno machache sana yaliyodondoka katika maandishi ya Kilatini. Kwa hiyo kila tunachokijua juu ya vita vyao kimeandikwa na watu wa upande wa pili. Askofu Victor aliandika wakati wenzake wanateswa. Hakuwa na sababu ya kuwasifu Wavandali, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa hilo. Procopius alikuwa karani wa jemadari aliyekuja kuwapiga. Mambo waliyoyaandika mengi ni ya kweli. Lakini ni kama baraza la wazee lililosikiliza mlalamikaji tu, na mshtakiwa hakuitwa.

Na hata katika maandishi hayo ya Kilatini hupenya habari za namna nyingine. Wavandali waliokaa Afrika walijifunza Kilatini. Walipenda bustani zenye maji, mabafu, na michezo ya mashindano ya farasi. Mfalme Thrasamund, aliyetawala kuanzia mwaka 496 hadi 523, alipenda elimu, na alibishana na maaskofu wa Kikatoliki kwa maneno na maandishi. Washairi waliandika mashairi yao ya Kilatini huko Carthage chini ya wafalme hao. Mmoja wao, Dracontius, alifungwa gerezani kwa sababu alimsifu mtawala mwingine badala ya mfalme wake. Gerezani humo akaandika mashairi zaidi.

Mwisho wa ufalme

Mwaka 530 Gelimer alimpindua mfalme Hilderic, ndugu yake wa ukoo, akakalia kiti. Kaisari Justinian, aliyetawala Constantinople, mji unaoitwa leo Istanbul, akapata sababu aliyokuwa akiitafuta. Mwaka 533 alimtuma jemadari Belisarius na askari kama 15,000. Septemba mwaka huo huo Belisarius aliingia Carthage, akala chakula kilichokuwa kimeandaliwa kwa ajili ya Gelimer.

Gelimer alikimbilia mlimani kwa Waberiberi, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Huko alizingirwa majira ya baridi. Procopius anaeleza kwamba Gelimer alimwandikia kamanda aliyemzingira, akamwomba vitu vitatu tu: mkate, sifongo na kinanda cha nyuzi, kama zeze. Mkate, kwa sababu hakuuona tangu apande mlimani. Sifongo, apate kuoshea jicho lililovimba kwa kukosa kuoshwa. Kinanda, kwa sababu alikuwa ametunga wimbo wa msiba wake na alitaka kuuimba. Alipelekewa vyote. Mwaka 534 alijisalimisha. Justinian hakumuua. Alimpa mashamba katika nchi ya Uturuki ya leo, akakaa huko na jamaa zake.

Askari wa Kivandali walichukuliwa wakafanywa vikosi vitano vya wapanda farasi, wakapelekwa mpaka wa mashariki kulinda dhidi ya Uajemi. Wanawake wengi waliolewa na askari wa Kaisari. Baada ya hapo Wavandali hawakuonekana tena kuwa kabila. Kutoka Geiseric kuvuka bahari mpaka Gelimer kushuka mlimani ilikuwa miaka 105.

Neno la mwaka 1794

Karne nyingi zilipita. Watu wa Ulaya waliosoma vitabu vya Kilatini waliendelea kuwataja Wavandali kama mfano wa watu wakali wasiojali kitu. Bado lilikuwa jina la watu wa kale tu. Aliyetengeneza neno jipya alikuwa Mfaransa.

Mwaka 1789 Wafaransa walifanya mapinduzi. Maskini walichoka na dhuluma ya wafalme na makabaila. Baada ya miaka michache hasira iligeukia hata majengo na sanamu. Mwaka 1793 makaburi ya wafalme yalifukuliwa. Katika kanisa kuu la Paris palikuwa na safu ya sanamu za mawe za wafalme. Watu wakasema hao ni wafalme wa Ufaransa, wakazishusha na kuzikata vichwa. Kumbe hawakuwa wafalme wa Ufaransa. Walikuwa wafalme wa Yuda, wale wa katika Biblia. Vichwa 21 vya sanamu hizo vilichimbuliwa mwaka 1977, vikiwa vimezikwa chini ya nyumba moja mjini Paris.

Katika bunge la mapinduzi alikuwamo kasisi na askofu Henri Grégoire. Huyu hakuwa mtu wa makabaila. Alikuwa upande wa mapinduzi, na alipigania haki za Wayahudi na kukomeshwa kwa utumwa wa watu weusi. Lakini alisikitika kuona vitabu, picha na majengo yanateketezwa, maana aliona kwamba sasa ni mali ya wananchi wote. Mwaka 1794 alitoa taarifa mbele ya bunge, na uharibifu huo akauita kwa neno alilolitunga mwenyewe kutokana na jina la Wavandali. Baadaye alieleza kwamba alilitunga neno ili akiue kitendo chenyewe. Neno lilienea upesi katika lugha za jirani.

Wapo wasomi wa Ujerumani waliomlalamikia. Walisema wazee wao walikuwa wapiganaji, si waharibifu. Malalamiko hayo hayakusaidia. Basi vichwa vya sanamu vilikatwa na Wafaransa, katika mji wa Wafaransa, na lawama wakatwishwa Wavandali, ambao walikuwa wametoweka miaka 1,260 kabla ya hapo.

Mbao za wakulima

Mwaka 1928, karibu na mpaka wa Algeria na Tunisia, zilipatikana mbao 45 ndogo zilizoandikwa kwa wino. Nchi ile ni kavu, ndiyo maana mbao hazikuoza. Msomi Mfaransa Eugène Albertini alizisoma, na leo zinaitwa kwa jina lake. Zimeandikwa kwa Kilatini kati ya mwaka 493 na 496. Kila hati imeandikwa tarehe kwa kuhesabu mwaka wa utawala wa Gunthamund, mfalme wa Wavandali.

Waliohusika si wafalme wala maaskofu. Ni wakulima wa zeituni wenye majina ya Kirumi, waliokaa katika nchi iliyotawaliwa na Wavandali. Hati nyingi ni za kuuziana vipande vya shamba. Ardhi yenyewe ilikuwa ya bwana mmoja, naye ametajwa kwa jina. Lakini palikuwa na sheria ya zamani sana, tangu enzi za Warumi, kwamba mtu aliyelima na kupanda miti ana haki juu ya jasho lake. Anaweza kuirithisha haki hiyo, na anaweza kuiuza. Wavandali walitawala, lakini sheria hiyo iliendelea kutumika, na karani aliiandika katika hati kama kawaida.

Si yote yanayopendeza. Hati moja ni ya kumuuza mtoto mtumwa wa umri wa miaka kama sita. Hati nyingine ni orodha ya mali ya bibi arusi, na nguo zake zimetajwa moja moja.

Lakini wengi wanauza miti na ardhi. Inatajwa mizeituni mingapi, mitini mingapi, na bei. Inatajwa jirani anayepakana na shamba. Chini yake muuzaji anakiri kwamba amepokea fedha yake. Baadhi ya wauzaji walijua kuandika, wakaandika wenyewe. Wengine hawakujua. Hao waliweka alama tu, na mtu mwingine akaandika kando ya alama ile jina la mwenyewe, na kwamba hajui kusoma.